Mkate wa Kufutia

Rosettenville, mchana

Mwanangu Sifa,

Umetoka na mama yako kwenda Fordsburg kutafuta sanduku, nami nimebaki na kalamu. Mkirudi mtanikuta nimejilaza kama mtu asiye na neno, kwa hiyo acha niandike sasa hivi kabla mlango haujagongwa. Nyumba hii ina sanduku, unalijua, lile jeusi lililo juu ya kabati. Jana ulimwuliza mama yako kwa nini usipewe hilo, akajifanya hakusikia. Limejaa, Sifa. Lina nguo za kurudia nyumbani. Tulipofika Johannesburg tulitoa sufuria na mashuka, mengine tukayaacha humo humo, maana tulikuwa tunapita tu. Gauni la mama yako lililomo lilishonwa alipokuwa na umri wako. Hakuna wa kulivaa sasa ila wewe, na wewe ungelicheka.

Mambo ya chakula, baridi ya Cape Town, na watu wa kuwaogopa pale Park Station, hayo mama yako ameshakuambia na atakuambia tena mpaka basi liwake. Mimi nataka kukupa habari ya mkate.

Unajua kwamba nilisomea uchoraji Lubumbashi. Hujui nilivyosomea, kwa sababu kila ulipouliza nilikujibu kwa kukupa penseli. Tulikuwa na mwalimu mmoja mzee, mwembamba, koti lake lile lile kiangazi na masika. Nyuma ya mgongo wake tulimwita Rekomanse, maana neno hilo la Kifaransa, anza upya, ndilo alilotusalimia nalo asubuhi na kutuaga nalo jioni. Alitufundisha kuchora picha za Biblia kwa kanuni ya vyuo vya kale vya Ulaya, na kanuni hiyo haina haraka. Picha kubwa haianzi na rangi. Unachora kwanza mkono peke yake, kichwa peke yake, mguu peke yake. Mtu unamchora uchi, hata akiwa nabii, ili ujue mifupa yake inakaa wapi, ndipo umvike kanzu. Halafu unawakusanya watu wako wote kwenye karatasi ndogo, unaipiga miraba, unaikuza mraba kwa mraba mpaka ifike ukubwa wa ukuta. "Rangi ni harusi," alikuwa akituambia. "Nyinyi bado mko kwenye mahari."

Tulichorea mkaa. Raba ya dukani huchafua mkaa, kwa hiyo tulifutia mkate. Unanyofoa ule ulaini wa ndani, unaufinyanga kidonge, unagusa pale ulipokosea, na kosa linaondoka na mkate. Kila Jumatatu chuo kiligawa mikate ya kufutia. Sasa wewe fikiria vijana waliolala na njaa, unawapa mkate, unawaambia huu si chakula. Wengine walikuwa wakimaliza kifutio kabla ya kuchonga mkaa. Mimi sikuwa hivyo. Mimi nilikuwa mtoto wa kanisani, nikiambiwa usile, sili.

Siku moja nilikula. Nilikuwa nikimchora Hajiri akifukuzwa yeye na mwanawe kwenda jangwani, na mama mmoja muuza mihogo ndiye aliyetusimamia tumchore, mgongo kwetu, mtoto akiwa mkononi. Sijui njaa ya siku hiyo ilikuwa ya namna gani. Niliula wote, na ganda lake. Kisha nikaendelea kuchora, na kila nilipokosea mstari sikuwa na cha kuufutia, ikabidi niuache na kupitisha mwingine kando yake. Mgongo wa Hajiri ukawa na mistari mitatu. Unyayo wake ulikuwa mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Nilipomwona mwalimu anakuja, jasho likanitoka.

Alisimama nyuma yangu. Hakusema rekomanse. Alisema, "Huyu mwanamke anatembea."

Kisha akauliza mkate wangu uko wapi. Nikasema, "Nimekula, mwalimu." Darasa zima likacheka, naye akacheka mpaka akakohoa, akanipiga begani. "Basi kula na kesho," akasema.

Kosa langu kubwa ni hilo, Sifa. Si kwamba nilikula. Ni kwamba nilisikia kicheko, sikusikia neno. Nilidhani ananidhihaki. Tangu siku ile sikuugusa tena mkate wa kufutia kwa meno, nikawa mwanafunzi msafi kuliko wote, asiye na mstari wa ziada hata mmoja, na hakuna mtu aliyesema tena kwamba mtu wangu yeyote anatembea. Mtu mzima ananiambia dawa yangu, mimi naona haya.

Sasa njoo huku. Ulikuwa na miaka mitatu Pasta, Mkongo mwenzetu, aliponiita baada ya ibada. Mimi nilikuwa nikiandika vibao vya saluni, kama hadi leo, vichwa vya wanawake wenye nywele zilizosukwa vizuri kuliko za watu wenyewe. Akanionyesha ukuta mtupu nyuma ya madhabahu. "Papa Sifa, utuchoree Petro mule jela. Batu betu banajua kufungwa." Sikulala kwa furaha. Petro amelala kati ya askari, minyororo mikononi. Malaika anaingia, anamgusa ubavuni, anamwambia aamke avae viatu. Minyororo inaanguka, mlango unafunguka wenyewe. Wakishatoka, malaika anakwenda naye mtaa mmoja tu, kisha anamwacha. Nikamwambia Pasta tutaanza na michoro, kwa kanuni. Akasema sawa, kwani alidhani ni jambo la mwezi.

Petro nilimpata upesi. Ni Nestori, yule jirani yetu Mrundi anayelinda usiku. Nilimwambia kazi yake ni kulala. "Ndugu yangu, hiyo kazi naijua kuliko wewe kuchora," akasema, na kweli, kabla sijanoa mkaa alikuwa anakoroma. Unakumbuka siku Pasta alipofika ghafula? Nestori kajilaza juu ya godoro letu na kaptula tu, nimemfunga mikono kwa mnyororo wa geti, nami nimepiga magoti kando yake. "Eish! Papa Sifa! Ni mambo gani hii?" Wewe ndiye uliyemjibu, mdomo umejaa uji: "Ni Petro, Pasta. Bado nguo."

Bado. Neno hilo ulilijua kabla hujajua jina la mtaa wetu. Mama yako akiuliza kutoka jikoni kama nimemaliza, nilijibu bado. Pasta akiuliza, bado kidogo. Wewe ukadhani ndilo jina la malaika. Wageni walipouliza huyu kwenye karatasi ya kaki ukutani mwetu ni nani, ulisema, "Anaitwa Bado." Tulicheka sana. Mwaka uliofuata ulisema hivyo tena, na uliofuata, mpaka ukaacha kusema kwa sababu ulikua.

Hapo ndipo shida yenyewe ilipo, kwamba ulikua. Malaika nilimchukua kwako. Mara ya kwanza nilikusimamisha juu ya kiti, mkono mbele, nikachora mkono wa mtoto mnene mwenye vishimo kwenye vifundo. Nilipokuwa tayari kuukuza, ulikuwa umerefuka, mkono haukuwa ule. Nikafuta, nikaanza upya. Ukaota viwiko, nikafuta. Ukavunjika mkono kwenye uwanja wa shule, tukangoja upone, ukapona na mkono mwingine kabisa. Kila mwaka nilikuwa na malaika mpya na kila mwaka yule wa zamani nilimfuta kwa mkate, mpaka ile karatasi ya kaki ikaota manyoya. "Papa, mkono inauma," ulikuwa ukisema. "Bado kidogo, mama." Pasta alichoka kunikumbusha. Siku moja alisema tu, "Papa Sifa, hiyo bado yako sasa iko na ndevu."

Nilijitetea kwa kanuni. Nilisema mchoro usiokamilika ukiutia rangi umeharibu ukuta wa Mungu. Ilikuwa kweli, na ilikuwa maficho. Nilikuwa naogopa. Mradi nilikuwa najiandaa, hakuna aliyeweza kusema nimeshindwa. Na si picha tu iliyokuwa ikiandaliwa. Tulilala chini miaka mingi kwa sababu kitanda hununuliwa na mtu anayekaa. Sikujifunza Kizulu zaidi ya kusalimia na kuomba radhi, wewe ndiye uliyekuwa ukinisemea dukani, mtoto mdogo ananisemea mimi. Karatasi yangu ya hifadhi ya ukimbizi inanipa ruhusa ya kukaa, hainipi ya kwenda na kurudi, na kila inapokaribia kuisha roho yangu inapanda mpaka huku juu. Bibi yako alipofariki Lubumbashi, walizika bila mimi. Wiki ile nilichora minyororo ya miguu ya Petro, pete moja baada ya nyingine, nzuri sana. Wewe uliniletea chai. Nilitaka kulia mbele yako, nikaona haya.

Kwa lile gereza nilihitaji mlango wa chuma. Sikwenda mbali, nilichora geti letu la mlangoni na makufuli yake, na nondo za dirisha, na kivuli chake kinavyoanguka sakafuni saa za alasiri. Nilijivunia kivuli kile. Mama yako alikuja na nguo ya mteja mabegani, akatazama mpaka pini zikamtoka mdomoni.

"Papa Sifa, hii si mlango yetu?"

"Ni mlango wowote."

"Na huyu mwenye kulala? Nestori hana pua hii."

Akarudi kwenye cherehani yake. Nilipotazama tena niliona ni kweli. Nilikuwa nimejichora mimi mwenyewe, nimelala fofofo, katika chumba tunachokula ugali. Sikuvumilia. Nikafuta pua.

Mwaka jana ulipopata nafasi ya kusomea upimaji wa ardhi huko Cape Town, nyumba nzima ilipiga vigelegele, hata Nestori aliamka. Nilijua umeyatoa wapi mapenzi hayo. Ulipokuwa mdogo ndiwe uliyenishikia rula ya kupigia miraba, na mstari ukienda kombo ulikuwa ukikasirika kuliko mimi. Kisha siku chache baadaye, mimi nikiwa nyuma ya mlango, nilikusikia ukimwambia mama yako jikoni: "Wamesema naweza kungoja mwaka moja. Nitangoja. Malaika haijaisha, Ma. Nikienda atachora nani?"

Mama yako aliutazama mlango, alijua nipo. Alitaka niingie niseme neno. Nami, mwanangu, nilifurahi. Nataka ulijue hili kwa maandishi yangu, kwa sababu siku moja na wewe utapendwa na mtu atakayefurahi hivyo. Moyo wangu uliruka kama wa mtu aliyerudishiwa kitu chake. Niliingia, nikajifanya sijui kitu, nikasema, "Sifa, kama huna kazi, nyanyua mkono kidogo." Ukanyanyua. Ukaanza kazi kwenye duka la yule Msomali kule Mayfair, na jioni unarudi kunisimamia, na mwaka ukapita. Mimi nilikuwa ndani, nikakuvuta na wewe ndani, tukafunga geti.

Halafu ikaja wiki iliyopita. Ulirudi kutoka dukani miguu imevimba. Nikasema bega la malaika halijakaa sawa, simama pale. Ukasimama. Mkono wako haukunyooka. Ulining'inia kwenye kiwiko, bega moja limeshuka, kichwa kimeegemea upande kama mtu anayebisha mlango ambao ameshabisha sana. Nikachora hivyo hivyo, nikisema nitarekebisha. Nikanyoosha mkono kuchukua mkate, nikakuta sahani tupu na ganda moja.

"Sifa, mkate uko wapi?"

"Mkate gani?"

"Ule wa pale. Wa kufutia."

Ukaweka mkono mdomoni. "Eish, Papa. Nilikula. Nilikuwa na njaa, sorry."

Ulidhani nimekasirika, kwa sababu nilikaa chini. Uliniomba nikupe hela ukimbie spaza, duka la mtaani, ukanunue mwingine. Nilisema usiende. Nilikuwa namsikia mzee yule akikohoa kwa kicheko, na safari hii sikuona haya. Niliitazama karatasi. Bega lilikuwa na mistari mitatu. Mkono ulikuwa unashuka na kupanda. Huyo hakuwa malaika wa vitabu vya chuo, alikuwa mtu aliyemaliza zamu yake na bado amekuja kumwamsha mwingine. Alikuwa anatembea, Sifa. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimemsimamisha.

Ndiyo maana usiku ule nilikuambia, "Piga simu chuoni, uwaambie unakwenda." Ulinitazama kama mtu aliyesikia vibaya. Mama yako aliinamia cherehani akashona mahali pasipohitaji kushonwa.

Leo asubuhi, mlipodhani nimekwenda kuandika kibao, nilikuwa kanisani. Nilichukua kile kigurudumu cha meno cha mama yako, kile anachopigia alama kwenye kitambaa, nikakipitisha juu ya mistari yote ya ile karatasi kubwa mpaka ikawa matundu matupu. Karatasi ikishatobolewa haichoreki tena. Nikaibandika ukutani, nikafunga unga wa mkaa ndani ya kitambaa, nikapigapiga. Nilipoivua karatasi, alikuwepo, nukta kwa nukta, mkono wako, bega lako, na huyu mzembe amelala chini yake. Pua nimeirudisha.

Pasta alikuwa amesimama mlangoni na funguo. Nilingoja aseme kitu kuhusu miaka.

"Huyu malaika amechoka," akasema.

"Amechoka, Pasta."

"Ni muzuri. Na siye tumechoka."

Sasa unga wa mkaa haudumu. Mtu mmoja akiegemea ukuta, au watoto wa shule ya Jumapili wakipitisha viganja, malaika ameondoka. Lazima nitie rangi kabla ya Jumapili. Nimenunua rangi, zipo kwa Nestori ili mama yako asizione kabla ya wewe kwenda. Nina hofu ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nivuke mpaka.

Lakini usiende ukidhani Papa ametoka. Sitaki kukuongopea siku ya mwisho. Katika habari ya Petro, malaika anamtoa kwanza ndipo anamwacha. Wewe unaondoka nami ningali ndani, geti lile lile, karatasi ile ile ya hifadhi, sanduku jeusi juu ya kabati. Nikifikiria kesho jioni, mahali pale unaposimama pakiwa patupu, nasikia kuta zinanisogelea. Nitakukosa kwa namna ambayo sina neno lake. Ila minyororo ya mtu mzima si mzigo wa mtoto wake. Nilikuweka mwaka mzima umenyanyua mkono. Ushushe sasa.

Utakosea huko. Utapima kiwanja cha watu ukakuta mpaka umepita katikati ya nyumba, utapenda mtu usiyepaswa, utasema neno lisilorudi mdomoni. Mimi nilidhani maisha mazuri ni yale yasiyo na mstari wa ziada, nikafuta na kufuta mpaka karatasi ikaota manyoya. Ukikosea, acha mstari pale, pitisha mwingine kando yake, uendelee. Mtu anayekupenda ataona unatembea.

Kesho nitakusindikiza mpaka mwisho wa mtaa wetu, pale kwenye robot, zile taa za barabarani, kisha mama yako ataendelea nawe mpaka kituoni. Usinibembeleze nifike mbali zaidi. Mtaa mmoja tu, hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Ukiwa ndani ya basi nitakupigia kukuuliza kama umefika, nawe utanijibu bado, na kwa mara ya kwanza katika nyumba hii neno hilo litakuwa la mtu anayekwenda.

Nasikia geti. Mmerudi, mama yako anacheka, kwa hiyo sanduku mmelipata.

Nitakuwekea mkate kwenye mfuko wa pembeni wa sanduku lako. Mama yako atalalamika kwamba chakula cha njiani ameshafunga, mwache alalamike. Ni mkate ule ule ninaonunua siku zote, wa duka lile lile, niliouweka mezani miaka yote nikikukataza kuugusa. Ule wote, mwanangu, na ganda lake. Usinibakizie.

Papa